Sauti haikufa: kimya cha nusu saa katika ukumbi wa Birere

Swali la msomaji: «Yaya, nina ukumbi mdogo wa video hapa Goma, upande wa Birere. Jumamosi iliyopita niliwawekea vijana filamu ya zamani ya wizi, Rififi, kwa sababu wewe uliwahi kuisifu. Mwanzo waliivumilia, lakini ilipofika kwenye wizi wenyewe wakaanza kupiga mabenchi: ‹Sauti imekufa! Rudisha sauti!› Nikashika maikrofoni nianze kuwaelezea, lakini nusu ya ukumbi ilikuwa imeshatoka. Mdogo wangu ananiambia filamu za zamani za ujambazi ni za wazee, na kwamba moto uko kwenye za sasa. Anasema kweli? Na kama hasemi kweli, nianzie wapi?»

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikakwama kwenye maneno yale ya vijana: sauti imekufa. Hawakusema filamu imezeeka. Hawakulalamika kwamba haina rangi, wala kwamba watu wamevaa kofia za babu zao. Hayo yote waliyavumilia kwa muda mrefu, wamekaa kwenye mabenchi yako magumu, wakifuata. Kilichowashinda ni kimya, na kiliwashinda kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba kimya kile kimewekwa makusudi. Kwa hiyo mdogo wako hasemi kweli. Lakini naye ana sababu zake, na mimi sitaki uirudishe filamu hiyo kabatini kwa hasira, ndiyo maana nitakujibu kwa urefu.

Tuanze na usiku ule wa wizi. Aliyeitengeneza filamu hii, Jules Dassin, alikuwa Mmarekani aliyefungiwa milango ya kazi Hollywood kwa sababu za siasa, miaka ile waliyokuwa wakiwasaka watu waliodhaniwa kuwa wakomunisti. Akaenda Ufaransa, akapata fedha kidogo na waigizaji wasio na majina makubwa, na mwaka 1955 filamu ikatoka na kumpatia tuzo ya uongozaji pale Cannes. Wezi wanne wanataka kuvunja duka la vito mjini Paris. Duka lina king'ora kinachoshtuka kwa mtikisiko mdogo tu. Basi wanaingia nyumba ya juu yake, wanatoboa sakafu polepole, na tundu likishapatikana wanapitisha mwavuli uliofungwa, wanaufungulia upande wa chini, ili vipande vya saruji vidondokee ndani ya mwavuli badala ya kugonga sakafu ya duka. King'ora wanakinyamazisha kwa povu la kizimamoto. Karibu nusu saa nzima hakuna neno, hakuna muziki. Dassin mwenyewe alisimulia kwamba mtunzi wa muziki, Georges Auric, alikuwa ameshatunga muziki wa sehemu hiyo; alipoonyeshwa picha hizo mara mbili, zikiwa na muziki na zikiwa bila muziki, akakubali kazi yake iondolewe.

Kwa nini nakueleza yote haya? Kwa sababu kimya hicho kina vitu ndani yake. Kuna pumzi, kuna nyundo iliyofungwa kitambaa, kuna kipande cha saruji kinachodondoka juu ya nguo ya mwavuli. Mtazamaji anatega sikio pamoja na wezi. Akisikia kitu, anajua na king'ora kinaweza kukisikia. Sasa jiulize jenereta lako limekaa wapi. Nimeingia kumbi nyingi za Goma na za huku kwetu Bukavu, na mara nyingi mashine iko nyuma ya ukuta wa mbao, hatua tano kutoka benchi la mwisho. Filamu ya risasi na magari inalishinda jenereta kwa makelele. Rififi hailishindi. Vijana wako hawakusikia pumzi wala saruji, walisikia jenereta peke yake, na mtu anayesikia jenereta peke yake ana haki ya kusema spika imekufa.

Kisha ukashika maikrofoni. Hapa niseme kwa heshima, kwa maana mtafsiri wa filamu ni msanii kamili, na bila yeye wengi wetu tusingeipenda sinema. Majirani zetu wa Gisenyi wanaziita agasobanuye, filamu hizi zilizoingizwa sauti ya kueleza, na nimewahi kusikia wakalimani waliofanya filamu dhaifu ikawa tamu. Ila mkalimani ana adui mmoja, nacho ni ukimya, kwa sababu yeye huona kila sekunde tupu ni deni. Anaijaza. Anasema «sasa huyu anaogopa» wakati uso wa yule mtu umeshasema zaidi ya hapo. Nadhani kizazi kizima kimezoea kuangalia filamu ambamo hakuna dakika isiyo na mtu anayesema, na ndiyo sababu kubwa ya vijana kuona za zamani zimelala.

Sasa niende kwenye kiini cha swali lako, yaani tofauti ya za zamani na za sasa. Watu wengi hudhani ni kasi. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye meza ya montaji, nikikata na kuunganisha picha, na nakuhakikishia kasi haimtishi mtu. Kinachotisha ni kile ambacho mtazamaji amekijua kabla ya mhusika. Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, alilieleza hili kwa mfano wa bomu chini ya meza katika mazungumzo yake na Mfaransa François Truffaut, yaliyotolewa kama kitabu mwaka 1966. Mimi nitalileta kwetu. Mweke Kadhafi, yaani muuza petroli wa mtaani, pembeni ya barabara ya Majengo, chupa zake za petroli zimepangwa juu ya meza. Mteja anakuja, wanazungumza habari za mpira, na ghafla moto unalipuka. Ukumbi utashtuka kwa sekunde chache, basi. Sasa irudie: kabla hawajaanza kuzungumza, tuonyeshe chupa moja inavuja, petroli inatambaa juu ya mawe meusi ya volkano hadi kwenye viatu vya mteja, na mteja ana sigara mkononi. Mazungumzo ni yale yale ya mpira. Lakini safari hii hakuna mtu ukumbini atakayesikia habari za mpira. Kila mmoja anataka kupiga kelele: tupa hiyo sigara! Hiyo ndiyo taharuki, na haihitaji gari hata moja kupinduka.

Mabingwa wa zamani waliishi kwa sanaa hii, kwa kuwa hawakuwa na vitu vingine vya kujificha nyuma yake. Chukua Double Indemnity ya Billy Wilder, ya mwaka 1944. Dakika za mwanzo kabisa, wakala wa bima anaingia ofisini usiku akiwa amejeruhiwa, anawasha mashine ya kurekodi sauti, anakiri kwamba ameua. Muuaji umeshamjua! Filamu nyingi za leo zingekuwa zimekwisha pale pale. Lakini halafu unarudishwa nyuma kuona ilivyokuwa, na inafika mahali yeye na yule mwanamke wameshaiweka maiti kwenye reli, wamerudi garini waondoke, na gari linakataa kuwaka. Nimeiona filamu hiyo mara nyingi, na kila mara najikuta naomba gari la wauaji liwake. Yeyote aliyewahi kupiga teke pikipiki usiku, mahali asipotaka kukutwa, anaujua ule moyo. Umeshajua mwisho, umeshajua kwamba hawa ni watu wabaya, na bado viganja vinatoa jasho. Mimi nazipima filamu zote za ujambazi hivyo, za zamani na za sasa: ukishaujua mwisho, unabaki na nini?

Psycho ya Hitchcock, ya 1960, ilikwenda mbali zaidi. Sisi tuliokulia kwenye mabenchi ya video tuna imani yetu: steringi hafi. Katika filamu hiyo mwanamke tunayemfuata tangu mwanzo, aliyekimbia na dola 40,000 za watu, anauawa bafuni kabla filamu haijafika nusu. Mtazamaji anabaki hana wa kumshika mkono. Hitchcock aliagiza watu wasiruhusiwe kuingia filamu ikishaanza, na ninakuomba nawe ufanye vivyo hivyo. Najua kwenye kumbi zetu mtu huingia wakati wowote, akauliza «steringi ni nani?», jirani akamwelezea. Kwa Psycho, funga mlango.

Mdogo wako yuko karibu na ukweli mahali pamoja. Nyingi za zile za zamani zina mwanamke mmoja tu mwenye sura, na kazi yake ni kumtega mwanamume. Ukiziangalia nyingi mfululizo utachoka, na wasichana wanaokuja ukumbini kwako watachoka mapema kuliko wewe. Sitazitetea kwa hilo.

Za sasa nazo zina ugonjwa wake, yaani mgeuko wa mwisho. Mtengenezaji anakuficha jambo moja kwa saa mbili, mwishoni analifunua, ukumbi unapiga makofi, na kesho yake filamu imekufa kwa sababu mtu mmoja ameshaisimulia sokoni. Pia kuna muziki unaokuamuru uogope kabla hujaona cha kuogopa. Vitu hivyo ndivyo mdogo wako anaviita moto. Vinawaka kweli, ila ni kama moto wa nyasi.

Lakini asidhani namkatalia kila cha leo. Filamu ya upelelezi ninayoipenda kuliko zote imetoka mwaka 2003, Korea Kusini: Memories of Murder ya Bong Joon-ho. Imetokana na mauaji ya kweli ya wanawake huko Hwaseong, kati ya 1986 na 1991. Polisi wa kijijini hawajui pa kuanzia. Wanapiga washukiwa, wanatengeneza alama ya kiatu ya uongo, wanaamini kwamba mhalifu unaweza kumjua kwa kumtazama machoni. Mvua inanyesha na wewe unajua, kabla ya yule msichana anayetembea njiani, kwamba mvua ni hatari. Halafu hawampati muuaji. Filamu inaisha polisi wa zamani akiitazama kamera, anatutazama sisi, kwa sababu wakati ule muuaji alikuwa hajulikani na huenda alikuwa amekaa katika ukumbi mmojawapo.

Mwaka 2019, miaka 16 baada ya filamu, vipimo vya DNA vilimtambua: mtu aliyekuwa gerezani tangu miaka ya 1990 kwa mauaji mengine. Na kuna jambo linaloniuma kila nikilikumbuka. Mtu mwingine, asiye na hatia, alikuwa amefungwa takriban miaka 20 kwa mauaji mojawapo ya yale, hatia ambayo mahakama ilimfutia mwaka 2020. Filamu ilipokuwa ikionyeshwa kwenye majumba ya sinema, na watu wakitazama polisi wakimpiga mshukiwa ili akiri, mtu huyo bado alikuwa ndani. Vijana wa Goma hawahitaji mtafsiri wa kuwaelezea maana ya kukamatwa mtu ambaye siye. Hii ndiyo ya kwanza utakayomwonyesha mdogo wako, nawe umwangalie usoni wakati wa ile picha ya mwisho.

Niseme pia habari ya risasi. Heat ya Michael Mann, ya 1995, inasifiwa kwa mapigano ya mtaani baada ya wizi wa benki, na sifa hizo ni za haki. Mann aliiacha milio iliyorekodiwa pale pale barabarani mjini Los Angeles, ikirudi kutoka ukuta hadi ukuta wa maghorofa, badala ya kuibadilisha kwa milio ya studio. Niliiangalia Goma, pamoja na watu waliokuwa wameshasikia silaha za kweli. Hakuna aliyeshangilia. Mama mmoja mbele yangu aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta ukuta wa kujificha. Toka siku hiyo sijaionyesha tena kwa watu wa kwetu bila kuwaambia kwanza kinachokuja, na nawe fanya hivyo, na anayetaka kutoka mrudishie pesa yake.

Ukitaka filamu itakayowakalisha watu wa Kivu na kuwafanya wajadiliane hadi nyumbani, ni ya Kijapani: High and Low ya Akira Kurosawa, ya 1963. Tajiri wa kiwanda cha viatu anapigiwa simu kwamba mtoto wake ametekwa, na mtekaji anataka yeni milioni 30. Kumbe mtekaji amekosea, aliyechukuliwa ni mtoto wa dereva. Fedha anataka zile zile. Tajiri yule ameshaweka rehani kila alichonacho ili anunue hisa za kampuni, akilipa, anafilisika. Alipe kwa ajili ya mtoto wa dereva? Sehemu kubwa ya mwanzo inapita ndani ya sebule moja, watu wamesimama, simu iko mezani, na dereva yuko pembeni, hathubutu kuomba. Niliionyesha Bukavu kwa wanafunzi wachache, na mabishano yalianza kabla simu ya pili haijalia. Halafu unashuka mjini na unamjua mtekaji: kijana maskini ambaye kila siku, kutoka chumba chake chenye joto, anaitazama nyumba ile juu ya kilima. Kwetu Bukavu mambo yamegeuzwa, wenye nacho wako chini kando ya ziwa, na mtaa wa Kadutu ndio unaowatazama kutoka juu. Mwanafunzi mmoja aliliona hilo kabla yangu. Filamu yote ni nyeusi na nyeupe, isipokuwa mara moja tu moshi wa rangi ya waridi unapanda kutoka kwenye bomba. Sitakwambia maana yake.

Umeniuliza uanzie wapi. Usianze na za zamani. Anza na lugha yao: Nairobi Half Life ya David Gitonga, kutoka Kenya, mwaka 2012. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD na kuigiza matukio ya filamu mbele ya wateja, anaota kuwa mwigizaji. Anafika Nairobi, anaibiwa kila kitu siku ya kwanza, anaishia kwenye genge la wezi wa vipuri vya magari. Vijana wako watacheka na Kiswahili cha mtaani cha Nairobi, halafu watanyamaza wenyewe. Ya pili, kwa watu wazima tu kwa kuwa ina uchi mwingi, ni Viva Riva! ya Djo Munga, ya 2010, ya kwetu Congo: mtu anarudi Kinshasa na petroli aliyoiiba Angola wakati mji mzima hauna mafuta. Hapo tena utakutana na akina Kadhafi, na utaona jinsi kitu cha kila siku kama dumu la petroli kinavyoweza kubeba filamu nzima. Ndipo Memories of Murder, kisha Psycho mlango ukiwa umefungwa.

Baada ya hapo wameshaiva kwa M ya Fritz Lang, ya Ujerumani, 1931. Usiogope umri wake. Muuaji wa watoto anatambuliwa na kipofu muuza maputo, kwa mluzi tu, na mluzi unapenya hata jenereta. Mauaji hayaonyeshwi: mama anaita jina kwenye ngazi tupu, sahani iko mezani haijaguswa, mpira unabiringika kwenye majani, puto limenasa kwenye nyaya. Mwishoni majambazi wa mji ndio wanaomkamata na kumhukumu wenyewe, na ukumbi wako utagawanyika, wengine watataka auawe pale pale. Waache waseme, sisi katika miji yetu tunaijua hasira hiyo. Watoto wasiwepo siku hiyo.

Kabla ya kila moja, sema wewe mwenyewe kwa dakika tatu, taa zikiwa zinawaka: nani anataka nini, na nini kitamzuia. Majina ya watu yataje hapo. Tafsiri mazungumzo kwa kifupi, na picha ikinyamaza, nawe nyamaza.

Rififi iache ya mwisho kabisa. Tafuta betri na kigeuza umeme, hata vya kuazima, vitakavyoendesha televisheni na spika kwa saa mbili, ili jenereta lizimwe. Waambie vijana mapema: king'ora cha duka hili kinasikia kila kitu, na kuanzia wakitoboa sakafu hakuna mtu atakayesema neno, wao wala sisi. Weka maikrofoni chini, mbali na mkono wako. Mwavuli ukifunguka ndani ya lile tundu, sikiliza ukumbi.